Taratibu, Ana Presha

Mtaa mzima ulikuwa umenyolewa vibaya na hakuna aliyelalamika. Wanaume wazima, watu wenye kazi zao na heshima zao, walipita barabarani na mstari wa nywele uliopanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, wengine wameachiwa kishungi kisogoni, na wote wakitabasamu kama waliotoka kupewa zawadi. Mwalimu wa hesabu alifundisha na kofia. Bwana harusi mmoja aliingia ukumbini na kofia, akalishwa keki na kofia, akapiga picha zote na kofia, na bibi harusi hakuuliza kitu kwa sababu baba yake mwenyewe alikuwa amenyolewa palepale. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye hakukipata cheo chake kwa bahati, alianza kunyoa kipara kila wiki. Hoja yake ilikuwa kwamba kipara hakina mstari wa kupotoka.

Usimlaumu kinyozi. Kinyozi alifanya kazi kwa bidii ileile aliyoanza nayo ujanani, na kwa kadiri alivyojua yeye, alikuwa fundi asiye na mpinzani. Wa kulaumiwa, kama lazima tumpate wa kulaumiwa, ni mkewe, mwanamke mfupi mwenye tepu ya kupimia shingoni, aliyekaa na cherehani yake kibarazani, mlangoni kabisa mwa kinyozi, akimsimamisha kila mteja kabla hajaingia.

"Taratibu," alimwambia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Ana presha."

Mteja alijua maana yake. Ndani ya mlango ule hakuna msiba, hakuna ajali, hakuna bei iliyopanda wala upepo ulioezua paa la mtu. Wote ni wazima, watoto wote wamefaulu, na timu inashinda. Basi mtaa ukamwita Mama Taratibu, na yeye akaitika.

Cha kuchekesha ni kwamba mwanamke huyu aliolewa kwa sababu ya kelele. Alikulia kwenye nyumba ya minong'ono, nyumba ambayo baba akikasirika anahamia chumba kingine na mama akitaka kulia anaanza kufua. Siku moja, akiwa msichana anayejifunza kushona kwa shangazi yake, alimsikia kijana wa ng'ambo ya barabara, mwenye mashine ya kunyolea mkononi, akimgombeza mteja mbele za watu kwa ajili ya timu, kisha akamcheka, kisha akamkumbatia, yote hayo kabla hajamaliza kichwa kimoja. Msichana akajiambia: huyu, angalau, nitakuwa najua ana nini. Akaanza kumpeleka mdogo wake kunyolewa hata nywele hazijaota. Wakaoana, na kwa miaka mingi alijua kweli mumewe ana nini, na majirani wa pande zote nne walijua pia.

Kisha ikaja ile Jumapili. Timu ilifungwa mabao matano bila jibu, na aliyeileta habari alikuwa mteja aliyekaa kwenye kiti, nusu kanyolewa, nusu bado. Kinyozi alifungua mdomo apige kelele, kelele haikutoka, akamwangukia mteja mgongoni huku mashine ikinguruma mkononi. Mashine ikachora njia kutoka utosini mpaka sikioni. Mteja yule alihama mtaa.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alipima presha, akakitazama kipimo kwa dharau kama kinachosema uongo, akapima tena. Akatoa vidonge vya kumeza kila siku maisha yote. Akasema habari za chumvi. Akasema arudi kupimwa kila mwezi. Halafu, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango, akaongeza, kama mtu anavyoaga tu, "Na asipewe mawazo."

Katika yote yaliyosemwa, Mama Taratibu alirudi nyumbani na hilo la mwisho. Vidonge ni kazi ya mgonjwa, chumvi ni kazi ya jikoni, lakini mawazo aliyaona ni kazi ya mke.

Alianza na redio. Aliikata waya kwa mkasi wake wa kitambaa, na redio ikawa imeharibika. Lakini kinyozi bila mpira ni mtu wa kuulizauliza, kwa hiyo akaenda kumwona jirani yao, Mpiga Debe, aliyekuwa anaita abiria kituo cha mabasi kwa sauti ya kumtoa nyoka shimoni. Siku za mechi Mpiga Debe alijibanza nyuma ya ukuta wa mbao wa kinyozi na spika ndogo, akajifanya redio ya jirani, akatangaza mpira ambao haukuwahi kuchezwa. Alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Kwa mdomo wake timu ilipanda nafasi ya kwanza, ikachukua ubingwa, ikaenda kucheza nje na kuwatoa watu jasho. Timu yenyewe, ile ya kweli, ilikuwa imeshuka daraja.

Mara moja tu mambo yalitaka kuharibika. Mpiga Debe alinogewa na utangazaji wake mwenyewe, akampeleka mshambuliaji wa wapinzani mpaka ndani ya boksi, akapiga, akafunga. Ndani, wembe wa Kinyozi ulisimama juu ya shingo ya mwalimu wa hesabu. Mama Taratibu akakohoa kibarazani kikohozi cha mtu anayekata roho. "Refa anakataa!" ikalia spika. "Ameotea! Ameotea mita kumi!" Mwalimu alitoka pale amelowa jasho mgongo mzima.

Binti yao alipoachana na mumewe na kurudi na mabegi, baba aliambiwa yuko likizo. Miezi ikapita.

"Ofisi gani hiyo yenye likizo isiyoisha?" Kinyozi aliuliza.

"Wanampenda sana kazini, baba watoto. Wamemwambia apumzike mpaka achoke."

"Hao ndio mabosi," Kinyozi akasema, na akaenda kazini na furaha.

Ubaya ni kwamba mwili haukuwa kwenye mpango. Miguu ya Kinyozi ilianza kuvimba, kwanza jioni, baadaye hata asubuhi, mpaka viatu vikagoma. Mke wake alinunua viatu vya rangi ileile, namba kubwa zaidi, akavikwaruza ncha na kuvipaka vumbi vifanane na vya zamani. Vilipobana navyo, akanunua vingine. Uso nao ulivimba, hasa chini ya macho, na huwezi kuondoa kioo kwa kinyozi. Hapo ndipo wateja walipopewa neno la kusema wakiingia: umenawiri. "Fundi, umenawiri!" "Fundi, naona mambo si mabaya, umenawiri!" Kinyozi akajigeuza mbele ya kioo, akakubali. Hata wewe ungekubali. Ukivikwa kilemba cha ukoka na mtaa mzima, utashangaa jinsi kinavyokukaa vizuri.

Vidole vilipovimba na macho yakaanza kuona ukungu, ndipo nywele za mtaa zilipoharibika. Lakini hilo umeshalijua.

Mambo yakaendelea hivyo mpaka bwana afya alipopita na kutaka vinyozi wote wapimwe presha, damu na mkojo, la sivyo watafungiwa. Kinyozi alipimwa huku akipiga soga. Alipoitwa kuchukua majibu alikuwa na foleni ya wateja, akamtuma mkewe.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Alimkaribisha kiti kwanza, na Mama Taratibu, aliyekuwa bingwa wa mambo hayo, akajua pale pale kwamba habari si njema. Hakuna anayekukaribisha kiti kwa habari njema.

"Mama, figo za mzee zimebaki kama robo," daktari akasema. "Robo ya kazi yake. Presha yake ilianza lini?"

"Mwaka juzi, siku timu ilipofungwa."

"Ilianza kabla. Siku hiyo ndiyo mliyoiona. Presha haina kelele, mama. Mtu anaweza kukaa nayo miaka, na anacheka."

Hilo la kucheka lilimkaa vibaya. Daktari akachukua kipande cha karatasi, akachora bomba, na ndani ya bomba akachora mikwaruzo.

"Presha ikikaa juu muda mrefu inachubua mishipa ya damu kwa ndani, hasa hii midogo ya kwenye figo. Kinga ya mwili ikiona pamechubuka inakimbilia pale, kama inavyokimbilia kidonda. Kwenye kidonda ikimaliza kazi inaondoka. Hapa haiondoki, kwa sababu kila siku panachubuka upya. Basi inakaa. Panavimba kwa ndani, panaota kovu juu ya kovu, na figo yenye makovu haichuji. Isipochuja, maji na chumvi vinabaki mwilini, presha inazidi kupanda, uchafu unabaki kwenye damu, na kinga nayo inazidi kuchachamaa. Inakuwa mzunguko."

"Kwa hiyo anayemla ni kinga yake mwenyewe?"

"Kwa sehemu. Hatujajua yote, bado watu wanachunguza. Lakini ndiyo, ni ulinzi uliopitiliza. Hauna nia mbaya, ila haujui wakati wa kuacha."

Mama Taratibu alimtazama vizuri usoni, kuona kama kuna mtu wa mtaani kwao aliyemtangulia kuja kusema. Daktari alikuwa anatafuta tu kalamu yake, ambayo ilikuwa sikioni.

"Anameza vidonge vya presha?"

"Kila asubuhi. Mimi mwenyewe namshikia glasi ya maji."

"Na dawa za maumivu?"

"Za mgongo, ndiyo. Anasimama kutwa."

"Hizo aache leo. Zinaumiza figo zaidi. Mlete wiki hii nimbadilishie dawa. Akija sasa, hiyo robo tunaweza kuilinda, akaishi nayo. Akichelewa itaisha, na ikiisha ni mashine ya kusafisha damu, wiki baada ya wiki, kama tutapata nafasi."

"Nitamleta. Ila nimwambie anakuja kufanya nini?"

"Mwambie anaumwa figo."

"Haiwezekani, daktari," Mama Taratibu akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Ana presha."

Alirudi kwa miguu. Kumwambia ni kumuua, maana aliwahi kumwona akianguka kwa mabao matano tu, na hii ilikuwa habari kubwa kuliko mabao. Kutomwambia ni kumuua pia, ila taratibu. Binti alimsikiliza jikoni, akaweka kisu chini.

"Mama, mwambie. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Usinisomee methali. Wewe mwenyewe uko likizo."

Badala ya kumwambia mumewe, akamwambia Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaitisha kikao uani kwake. Walikuja karibu wote wenye nywele zilizopindishwa. Mmoja alishauri Kinyozi apelekwe hospitali kama anayemtembelea mgonjwa, na akishafika wodini alazwe kitanda cha jirani. Mwingine alishauri apewe tuzo ya kinyozi bora, zawadi iwe mapumziko ya siku kadhaa mahali penye vitanda vyeupe. Mpiga Debe alijitolea kuitangaza habari yenyewe wakati wa mapumziko, kati ya bao la kuongoza na bao la ushindi, ili iwe imezungukwa na furaha pande zote. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe uamuzi ukawa wa Mwenyekiti: atamsimulia Kinyozi habari za mtu fulani mwenye figo mbovu, amzoeshe kidogo kidogo, na kila siku yule mtu fulani azidi kufanana na Kinyozi. Kwa tahadhari, pawe na godoro.

Kesho yake walilibeba godoro mpaka kwa kinyozi, na mito. Kinyozi aliuliza godoro ni la nini, akajibiwa ni la mwalimu, analipeleka mahali. Mito je? Inalifuata godoro. Watu walijaa ndani kuliko viti vilivyokuwepo, wamesimama wakimzunguka na mikono iliyo tayari, na kila mmoja akatamka kwamba amenawiri. Mama Taratibu alikaa kwenye cherehani kibarazani, akashona mshono uleule, akaufumua, akaushona tena.

Mwenyekiti akakaa kwenye kiti, akafungwa shuka shingoni.

"Fundi, kuna mtu mmoja namfahamu," akaanza. "Mtu wa makamo. Figo zake zimeharibika, na mwenyewe hajui."

"Hajui vipi?"

"Nyumbani wanaogopa kumwambia. Ana presha."

Kinyozi akazima mashine. "Ana mke?"

"Anaye."

"Na mke anajua?"

Mwenyekiti alitazama sakafu, akatazama nywele zilizoanguka, ambazo hazikuwa zake kwa kuwa yeye hakuwa nazo. "Anajua," akasema.

"Mwanamke gani huyo!" Ilikuwa kelele ile ya zamani hasa, kelele iliyowahi kuvuka barabara. "Mtu anaoza kwa ndani, mkewe anajua, halafu anamchekea? Anampikia, anamchekea? Adui gani atakufanyia hivyo! Nipe namba yake, Mwenyekiti. Nipe nimpigie mimi huyo mwanamke, sasa hivi, nimpe maneno yake!"

Nje, cherehani ikanyamaza. Mama Taratibu aliingia na tepu yake shingoni, na kipande cha kitambaa bado kimemng'ang'ania kidoleni kwa uzi.

"Usimpigie," akasema. "Nipo hapa. Mtu huyo ni wewe."

Hakuanguka. Lakini hawakumpa nafasi ya kutoanguka. Mtaa mzima ulimrukia kumdaka: Mpiga Debe kiunoni, mwalimu kwapani, wawili wakagombea mguu mmoja, na Mwenyekiti, shuka likiwa bado shingoni, akamshika kichwa. Wakamwangusha wenyewe kwenye godoro, wakamlalia juu.

"Niacheni!" sauti ikatoka chini yao. "Sianguki! Nikifa hapa nitakuwa nimekufa kwa uzito wenu!"

Walipomwachia alikaa kitako kwenye godoro, shati limetoka nje ya suruali, anahema. Hakuna aliyethubutu kuketi.

"Figo zangu?"

"Zimebaki robo," mkewe akasema. "Daktari anasema inaweza kulindwa. Anataka uende wiki hii."

"Nani mwingine anajua?"

Kinyozi akawapitishia macho mmoja mmoja, na inawezekana ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kuwatazama hasa, maana macho yalifika kwenye nywele zao yakakwama hapo.

"Ni nani aliyewanyoa hivi?"

Mwalimu wa hesabu akavua kofia, taratibu, kama aliye msibani. "Ni wewe, Fundi."

Baada ya hapo jipu likapasuka lote. Binti akaja kutoka nyumbani, akasema hakuna likizo, na kwamba kilichoisha ni ndoa. Viatu vikasemwa. Mpiga Debe akatoka mbele, akajikohoza, na kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo akasema timu imeshuka daraja. Hapo Kinyozi aliomba mto. Aliulalia kwa muda, akitazama dari, na watu wakasogea tena na mikono yao, lakini mtu hakufa. Habari mbaya za miaka miwili zilimwingia mchana mmoja, na alikuwa bado anapumua, tena kwa hasira.

"Vidonge umemeza leo?" mkewe akauliza.

Kinyozi akageuza uso. "Niliacha."

"Uliacha lini? Si mimi nakushikia glasi?"

"Nakunywa maji. Kidonge nakibana shavuni, nakuja kukitema kwenye beseni hapa. Tangu timu ilipochukua ubingwa. Nilijiambia, mtu anayepata habari njema kila siku ana presha ya nini? Nikaona nisikwambie, nisikupe mawazo."

Mama Taratibu akakaa chini kwenye godoro. Alijiona kama mtu aliyesimama mlangoni na fimbo kumzuia mwizi, huku mwizi yuko ndani anakula na kunywa, na fimbo hiyo ndiyo iliyomfungia humo. Alilia bila kufua chochote. Alilia mbele za watu, kwa sauti, na hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake, kwa hiyo wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakiliacha godoro.

"Unajua kinachoniuma?" Kinyozi akasema walipobaki wawili. Hakupiga kelele. "Si figo. Mlikuwa wote upande mmoja, mnajua mnachokijua, na mimi nipo upande huu peke yangu, nacheka. Umeniacha peke yangu muda wote huo, mama. Na ulikuwa umekaa hapo mlangoni."

Mama Taratibu angesema ni kwa mapenzi, na ingekuwa kweli, na isingesaidia. Asubuhi Kinyozi alimeza kidonge mbele yake, akafungua mdomo wazi na kuinua ulimi kumwonyesha, akavaa vile viatu vikubwa, akasema, "Twende."

Daktari mwenye plasta kwenye miwani alimpima. Presha ilikuwa juu sana. Alipoangalia vipimo vya presha vilivyochukuliwa kwa agizo la bwana afya, siku zile za ubingwa na likizo, vilikuwa juu vilevile. Raha yote ile haikuwa imeishusha hata kidogo, na habari mbaya zote zile hazikuwa zimeipandisha kwa kiasi cha kuhesabika. Kinyozi aliuliza maswali kwa sauti iliyofika mpaka foleni ya nje. Robo inatosha kuishi? Inatosha ukiitunza. Kovu linafutika? Halifutiki, ila tunaweza kuzuia mengine. Na hiyo kinga iliyochachamaa, inatulizwaje? Kwa kushusha presha kwanza, ikose cha kukimbilia. Kwa dawa hizi mpya. Kwa chumvi kidogo. Kwa kuja kupimwa kila unapoitwa. Mama Taratibu alisikiliza akiwa amesimama, ameegemea ukuta, maana chumba kilikuwa kimeanza kumzunguka kidogo na hakutaka kukatisha mazungumzo.

Daktari ndiye aliyemwona. "Mama, kaa. Wewe ulipimwa lini presha?"

"Mimi? Mimi sina nafasi ya presha. Nina kazi."

"Kaa tu, ni dakika moja."

Akafungwa kitambaa mkononi, mashine ikajaza upepo, ikabana, ikaachia. Daktari akasoma. Akahamishia mkono wa pili, akasoma tena. Kisha akasimama, akalainisha uso, akatabasamu tabasamu ambalo Mama Taratibu alilijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani, kwa kuwa alikuwa ameufundisha mtaa mzima jinsi ya kulivaa. Kumbe hivi ndivyo linavyoonekana ukiwa upande huu.

"Baba," daktari akamwambia Kinyozi kwa sauti tamu, "naomba tutoke hapo nje kidogo, tuzungumze mimi na wewe."

Kinyozi hakuinuka. Alivuta kiti chake mpaka magoti yake yakagusana na ya mkewe, akamshika ule mkono usiofungwa kitambaa.

"Sitoki," akasema. "Mwambie yeye. Mwambie hapahapa alipo, na mimi nipo."

Daktari akarudisha kiti chake, akakaa, akamwangalia Mama Taratibu machoni, akaanza kumwambia.